Walimnunulia Bila Kumwambia

Julai 2018 kijana mmoja wa Los Angeles aliugua mafindofindo wiki ileile aliyotakiwa kusafiri hadi Houston, Texas, kufanya ACT, mmoja kati ya mitihani miwili ambayo vyuo vingi vya Marekani vilitumia wakati ule kuwachuja waombaji. Daktari akasema asisafiri. Mama yake hakubabaika. Alikuwa tayari amekubali kumlipa mshauri wa mambo ya vyuo dola 50,000 ili mtu mwingine amfanyie kijana mtihani, na alipeleka hata sampuli ya mwandiko wa mwanawe ili uigwe. Safari ikivunjika, mtihani hauvunjiki. Ilimbakia kazi moja, nayo ndiyo ngumu: kijana mwenyewe asijue. Basi akaomba apewe nakala ya mtihani, amketishe mtoto nyumbani na kumsimamia yeye mwenyewe, ili aamini kwamba ameufanya. Kule Houston, yule wa kukodiwa akapata alama 35 kati ya 36.

Hayo yameandikwa katika hati za mahakama ya Boston, na mama huyo alifungwa wiki tatu. Mimi nimefundisha sekondari miaka mingi, nimesimamia mitihani hadi nikaweza kumjua mwenye mwakenya, ile karatasi ya majibu, soksini kwa jinsi anavyotembea. Wizi niliouzoea ni wa mtoto anayemficha mkubwa. Huu ulikuwa wa mkubwa anayemficha mtoto, na anamficha kwa bidii kuliko anavyowaficha polisi. Nimeusoma mara kadhaa, na kila nikiusoma naona nimeelewa sehemu mpya ya jambo ambalo nilidhani nalijua, yaani tamaa ya mzazi juu ya mwanawe.

Kashfa yenyewe ililipuka tarehe 12 Machi 2019. Waendesha mashtaka wa shirikisho mjini Boston waliwashtaki watu 50, na 33 kati yao walikuwa wazazi: waigizaji, mawakili, wenye makampuni ya uwekezaji, watu ambao majina yao hubandikwa kwenye majengo. Aliyewaunganisha ni mshauri yule wa vyuo, William Singer, maarufu kwa jina la Rick, aliyekuwa na ofisi yake Newport Beach, California. Kwa miaka kadhaa alikuwa amepokea zaidi ya dola milioni 25 ili kuwaingiza watoto Yale, Stanford, Georgetown, USC, UCLA na kwingineko. Vyuo vyenyewe havikushtakiwa, vilihesabiwa kuwa ndivyo vilivyoibiwa. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu lina vichekesho vyake.

Singer alikuwa na maelezo yake aliyowapa wazazi. Alisema kuna mlango wa mbele, ambao mtoto huingia kwa juhudi zake. Kuna mlango wa nyuma, ambao mzazi hukipa chuo mchango mkubwa kupindukia, na hata hivyo hana hakika ya kitu. Yeye alikuwa amefungua mlango wa ubavuni: bei yake ni ndogo sana kuliko ya ule wa nyuma, na hakika ipo. Ukimsikiliza vizuri unaona hakuuza chuo tu. Aliuza usingizi.

Na alikuwa fundi. Kwa upande wa mitihani, kwanza mtoto alitafutiwa cheti cha mtaalamu kuwa ana tatizo la kujifunza, ili aruhusiwe muda wa ziada na kufanya mtihani peke yake. Halafu mzazi alitafuta kisingizio, sijui harusi, sijui sherehe ya ukoo, ili mtoto ahamishiwe kituo cha West Hollywood au cha Houston, ambako msimamizi alikuwa amekwisha kuhongwa. Hapo aliletwa Mark Riddell, mhitimu wa Harvard aliyekuwa akiishi Florida, kwa malipo ya kama dola 10,000 kwa mtihani. Riddell hakuwa na majibu yaliyovuja. Alikuwa na kichwa tu. Aliweza kulenga alama aliyoagizwa, isiwe ya chini ikakosa maana wala ya juu mno ikazua maswali. Mara nyingine alingoja mtoto amalize, aondoke zake akiwa na matumaini, kisha yeye akaketi na kusahihisha makosa mpaka alama itimie.

Upande wa michezo ulikuwa ni maigizo. Makocha wa vyuo vya Marekani hupewa nafasi za kupendekeza wachezaji, na baadhi yao walikubali kuziuza. Kocha wa zamani wa tenisi wa Georgetown alipokea hongo inayokaribia dola milioni 3.5 na akafungwa miaka miwili na nusu. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe, mbunifu wa mavazi Mossimo Giannulli, walilipa dola 500,000 ili mabinti zao wawili waingie USC kama waongozaji wa mashua za makasia, mchezo ambao hawakuucheza, na picha zikapigwa juu ya mashine ya mazoezi. Mfanyabiashara mwingine aliagiza vifaa vya polo ya majini mtandaoni, akampiga picha mwanawe bwawani, akamlipa mtaalamu wa picha azirekebishe. Picha ya kwanza ilipofika kwa Singer, ikaonekana kijana ametokeza mno juu ya maji. Wachezaji halisi hawainuki hivyo. Ikarekebishwa.

Pesa zilipitia shirika la hisani la Singer. Mzazi aliyetoa hongo alipokea barua ya shukrani inayosema kuwa hakupata bidhaa wala huduma yoyote kwa mchango wake, na kwamba mchango huo utawasaidia vijana wasiojiweza. Kwa barua hiyo baadhi yao walipunguziwa kodi. Yaani mlipakodi wa kawaida, pengine mama anayefagia kituo cha mtihani, alichangia kidogo gharama za kumpiku mwanawe mwenyewe. Kuna dhambi ambazo zikizidi werevu huwa kama mzaha.

Mambo yaligundulika kwa njia ambayo hata msimuliaji wa riwaya angeionea haya. Mtu mmoja wa fedha mjini Los Angeles alikuwa akichunguzwa kwa ulaghai wa hisa, jambo lisilohusiana na shule hata chembe. Akitafuta kupunguziwa adhabu, akawaambia wapelelezi kwamba kocha wa mpira wa miguu wa wanawake wa Yale amemwomba pesa ili amwingize binti yake. Kocha akanaswa kwenye chumba cha hoteli mjini Boston akitaja bei. Kocha akamtaja Singer. Singer, alipobanwa, akakubali kuwapigia wateja wake simu huku serikali ikisikiliza.

Simu za Singer zilizorekodiwa ndizo zilizoniweka macho. Wakili mmoja mkubwa wa New York, Gordon Caplan, alisikika akieleza kwamba suala la maadili halimsumbui. Linalomsumbua ni binti yake kukamatwa. Nilitarajia maneno ya namna hiyo. Sikutarajia ushauri aliopewa na Singer katika mazungumzo yao. Mtoto akienda kupimwa na mtaalamu, aambiwe ajifanye mjinga. Asijibu haraka. Asionyeshe uwezo wake wote, kwa sababu cheti cha muda wa ziada hakitolewi kwa mwenye akili nyepesi.

Hebu tulia hapo kidogo. Mzazi amelipa walimu bora tangu mtoto ana miaka mitatu. Amemnunulia vitabu, piano, safari za kwenda kuona magofu ya Warumi. Siku ya siku, jambo analohitaji kutoka kwa mtoto huyo ni kwamba aigize upumbavu mbele ya mgeni, vizuri, kwa muda wa saa kadhaa.

Sasa, si watoto wote waliofichwa. Wale waliopigwa picha juu ya mashine walijua kwamba hawana mashua. Waendesha mashtaka walimtaja pia binti ambaye, baada ya mtihani, alifurahia pamoja na mamaye na Riddell jinsi walivyofanikiwa kudanganya. Lakini wengi walifichwa, na Singer alilijua hilo kama sehemu ya huduma. Wazazi walimuuliza tena na tena: mtoto hatajua? Na yeye akawatuliza kwamba mtoto atatoka kwenye chumba cha mtihani akijiona shujaa.

Kwa nini mficho huo? Mara ya kwanza nilidhani ni hofu ya siri kutoboka, maana watoto wana midomo. Siku hizi nadhani ni zaidi. Wazazi hawa hawakuhitaji chuo kikuu ili watoto wao wale. Watoto wao wangekula hata wasingejua kusoma. Marekani ina maelfu ya vyuo, vingine vizuri sana, ambavyo vingewapokea kwa furaha na kuwafundisha kemia ileile. Walichokitaka hawa ni kitu ambacho pesa haiwezi kukinunua waziwazi: hadithi kwamba mtoto amefika kwa nguvu zake. Mali ilikuwa imewapa kila kitu isipokuwa kuaminiwa kwamba wanastahili mali hiyo, na barua ya Yale au Stanford ndiyo iliyodhaniwa kuleta ushahidi huo. Ushahidi wa namna hiyo una sharti moja. Mwenye kuushika asijue kwamba umelipiwa. Akijua, unageuka kuwa risiti.

Ndiyo maana namwona yule mama wa mafindofindo kuwa mwenye kufuata mantiki yake hadi mwisho. Hakuwa kichaa. Alijua bidhaa aliyoinunua ingeharibika mtoto akiiona ikifungashwa.

Mwigizaji Felicity Huffman alilipa kiasi kidogo kuliko karibu wote, dola 15,000, ili Riddell amsahihishie binti yake mtihani wa SAT, ule wa pili wa kuwachuja waombaji. Alama za binti zikapanda kwa takribani 400 kutoka mtihani wake wa majaribio. Septemba 2019 Huffman alikuwa wa kwanza kati ya wazazi hao kuhukumiwa: siku 14 jela, faini ya dola 30,000, na saa 250 za kuitumikia jamii. Alikaa jela siku 11. Miaka minne baadaye alisimulia kwamba alipokuwa akimwendesha binti yake kwenda kituoni, mtoto akiuliza kama watakwenda kula aiskrimu baadaye, yeye alikuwa akijiambia moyoni ageuze gari. Hakugeuza.

Alipomwandikia hakimu kabla ya hukumu, alieleza kwamba binti yake alimuuliza huku akilia kwa nini hakumwamini, kwa nini hakudhani kwamba angeweza mwenyewe. Watu wengi walimcheka Huffman kwa barua hiyo, wakasema ni mwigizaji, analia kwa mazoea. Mimi sikucheka. Mwendesha mashtaka alizungumzia njama na ulaghai, hakimu akazungumzia kuaminika kwa mfumo, na wote wawili walikuwa na haki. Ila katika kesi nzima yenye mawakili wa bei ya juu kabisa duniani, mtoto wa miaka kumi na kitu ndiye aliyeuliza swali lenyewe. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa ulimwengu ulivaa joho jeusi ukaja kumfunza mama, na mtoto akiwa shahidi.

Swali la binti huyo linanirudisha ofisini kwangu, enzi nikiwa mwalimu wa zamu ya mitihani. Alikuja mzee mmoja, mtu wa heshima zake, mfanyabiashara wa mbao, akiwa na mwanawe wa kidato cha nne. Alimwambia kijana, "Ngoja nje, baba," kisha akafunga mlango taratibu.

"Mwalimu, sisi ni watu wazima. Kuna namna gani?"

"Namna ya nini, mzee?"

"Ya huyu mtoto kupita."

"Namna ni asome. Bado ana miezi."

"Hiyo naijua. Nauliza ile nyingine."

Nikamwambia nyingine hakuna. Akatikisa kichwa kwa subira, kama mtu aliyezoea bei kuanzia juu, akataja kiasi. Nikarudia kwamba hakuna. Akaongeza. Nilipozidi kukataa ndipo bei ilipozidi kupanda, na kwa dakika kadhaa nilijiona nimekwama katika mnada wa kitu ambacho sina. Alipoondoka hakuwa amekasirika. Alinihurumia, nadhani, kama mtu asiyejua biashara. Jambo ninalolikumbuka hasa ni kwamba madirisha ya ofisi zetu hayakuwa na vioo, na kijana alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya dirisha. Alisikia baba yake akimpandishia bei mara tatu. Kila nyongeza ilikuwa hesabu ya kiasi ambacho baba haamini kwamba mtoto anaweza.

Yule mzee hakuwa tajiri wa California, wala sikusudii kumfananisha na akina Singer. Kenya ya wakati ule ilikuwa imeyazoea mambo hayo. Mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza kidato cha nne, ya 2015 ilivuja hadi bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa mwaka uliofuata, na waziri wa elimu Fred Matiang'i akabana kamba. Waliopata alama ya A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Najua wasomi waliobishana kuhusu namna alama zilivyosawazishwa, na wana hoja. Hata hivyo mzazi aliyeyaona matokeo yale mawili yakifuatana hahitaji kuelezwa kilichokuwa kikinunuliwa.

Turudi kwenye mlango wa nyuma, ule halali. Mwaka 2006 mwandishi wa habari Daniel Golden alichapisha kitabu kuhusu matajiri wanavyoingiza watoto wao vyuoni, na humo akaeleza jinsi Charles Kushner, mjenzi wa New Jersey, alivyoahidi kuipa Harvard dola milioni 2.5 mwaka 1998, muda si mrefu kabla ya mwanawe Jared kupokelewa hapo. Hakuna aliyevunja sheria. Kuna pia desturi ya kuwapendelea watoto wa waliosoma chuoni hapo. Mwaka 2023 wachumi wa Harvard na Brown, Raj Chetty akiwemo, walionyesha kuwa mtoto wa asilimia moja ya juu ya matajiri ana nafasi zaidi ya maradufu ya kuingia vyuo hivyo vya kifahari kuliko mtoto wa tabaka la kati mwenye alama zilezile za mtihani. Johns Hopkins imeiacha desturi hiyo, na California ikapitisha sheria mwaka 2024 kuipiga marufuku hata katika vyuo vya binafsi. Vingine vingi bado vinaishikilia.

Hapa ndipo ile hoja ya vyuo kuwa ndivyo vilivyoibiwa inapochekesha. Baadhi ya pesa za Singer ziliingia mifukoni mwa makocha, lakini nyingine ziliingia kwenye akaunti za vyuo vyenyewe. Kocha wa mashua za tanga wa Stanford, John Vandemoer, hakuchukua hata senti. Pesa zote alizipeleka kwenye programu yake ya mashua. Alifukuzwa kazi, na alipohukumiwa Juni 2019 akapewa kifungo cha siku moja ambacho kilihesabiwa kimekwisha kutumikiwa. Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Boston ilibatilisha hukumu kuu za wazazi wawili waliokuwa wamekataa kukiri. Majaji hawakusema walilofanya ni jema. Walisema, miongoni mwa mengine, kwamba ni vigumu kumwita mtu mhongaji ikiwa pesa alimpa huyohuyo anayedaiwa kuibiwa. Sheria, kama ilivyo kawaida yake, ilifika mahali maadili yasipokomea na ikakataa kuendelea.

Kwa hiyo wapo waliosema, waacheni hao wazazi, wamefanya kwa rejareja tu jambo ambalo wenzao hufanya kwa jumla. Naielewa hasira hiyo ila siikubali. Mwenye mlango wa nyuma angalau humwambia mwanawe ukweli, hata kama ni ukweli mbaya: jina letu liko kwenye ukuta wa maktaba, ndiyo maana uko hapa. Mtoto anaweza kulichukia jina hilo, anaweza kulikimbia, anaweza kukaa vizuri ndani yake. Aliyeingizwa kwa siri hana cha kuchagua. Kuhusu mtoto aliyekosa nafasi kwa sababu ya mmoja wao, sina maneno. Hajulikani. Hakuna hati ya mahakama yenye jina lake, maana hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, anayejua kwamba ni yeye.

Kuna mzazi mwingine ambaye watu walimkumbuka siku za hukumu ya Huffman, na waendesha mashtaka wenyewe walimtaja. Kelley Williams-Bolar, mama mweusi wa Akron, Ohio, aliishi katika nyumba za bei nafuu na alikuwa msaidizi wa walimu, huku akisomea ualimu. Alitumia anwani ya baba yake, aliyeishi mtaa wa pili wenye shule bora, ili mabinti zake wawili wasome huko. Wilaya hiyo ya shule iliajiri mpelelezi wa kumfuata asubuhi. Januari 2011 alipatikana na hatia ya kughushi kumbukumbu za serikali, akalala jela siku tisa. Gavana John Kasich alikuja kulipunguza kosa hilo hadi la kiwango kidogo, kwa maana kosa kubwa lingemzuia kuwa mwalimu.

Siku tisa na siku kumi na moja. Ukiziweka pamoja bila kueleza, mtu atadhani ni makosa yanayolingana. Sitaki kusema kwamba uongo wa maskini si uongo, maana nimewafundisha watoto wa maskini na najua wanavyodharau kuhurumiwa. Lakini mabinti wa Akron walijua wanakwenda shule gani na kwa nini. Mama hakuwaambia kwamba ni hodari kuliko walivyo. Hakumlipa mtu wa kuwafanyia hesabu. Aliwapeleka mahali ambapo hesabu zilifundishwa, kisha wakazifanya wenyewe. Yeye aliidanganya serikali. Wale wa California waliwadanganya watoto wao. Kama ningelazimika kuchagua, ningejua mtoto yupi ningependa kuwa.

Na sisi huku tumo, msidhani hatumo. Mmoja wa wafanyakazi wa Singer alikuwa akiwafanyia wanafunzi masomo ya mtandaoni ili kupandisha alama zao, kazi ambayo vijana wa Nairobi, Juja na Eldoret wanaijua kama wanavyojua njia ya nyumbani. Kwa miaka mingi wahitimu wetu wasio na ajira wameandika insha, ripoti na hata tasnifu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, mara nyingi wakifanya kazi usiku kwa sababu kule Marekani ni mchana. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewachunguza waandishi hao, na mwaka 2024 ikatoka filamu kuhusu habari hizo. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani aliifanya kazi hiyo kutoka chumba kimoja karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Aliandika falsafa, uuguzi, historia ya sanaa, usimamizi wa hoteli. Tulipokutana aliniamkia kwa adabu zote, kisha akacheka.

"Mwalimu, mimi nimehitimu mara nyingi kuliko wewe."

Nilimuuliza kama dhamiri yake inamsuta. Alifikiri kwa makini, kama alivyokuwa akifikiri darasani. Akasema mwanzoni ilimsuta, baadaye ikawa wivu, na mwisho ikawa ajabu. Aliyemshangaza si mwanafunzi mvivu. Ni yule aliyemwandikia tena baada ya mwalimu kuisifu insha, akamwomba amfafanulie sehemu aliyosifiwa, ili akiulizwa darasani ajue la kusema. Akamfafanulia, bila malipo, kwa saa nzima. Anasema ilikuwa saa pekee katika kazi ile ambayo alijihisi yuko chuo kikuu.

Akili mnemba imeikausha kazi hiyo. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 malipo yameshuka, na wengi wa wenzake wameziacha akaunti zao. Yeye sasa anafundisha masomo ya ziada nyumba kwa nyumba. Wateja wake ni wazazi wanaoweza kulipa, na maombi yao anayajua tangu zamani. Mtaala mpya wa Kenya una kazi nyingi za mikono, na mnakumbuka kelele zilizopigwa wazazi walipokesha wakitengeneza sanamu za kutishia ndege shambani. Mama mmoja alimkabidhi vitambaa, gundi na nyasi kavu, akamwambia amtengenezee mtoto, tena iwe nzuri. Yeye akavimwaga vitu vyote mezani mbele ya mtoto, akakaa kando na kikombe chake cha chai. Sanamu ikatoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake na kichwa kilichogeukia mgongoni. Mtoto akaipeleka shuleni akiwa ameikumbatia. Mama amembakiza kazini, ila anadai kwamba kwa sanamu ya namna ile, nusu ya malipo inatosha, na mpaka sasa hawajaelewana.